Rotuli za Lori kwenye Jipu la Masere

Wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini kwetu Kolwezi, nilikuwa makanika katika karakana ndogo ya misioni, Dilala. Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini yeye alizaliwa hapa na Kasai hakuijua kwa macho. Asubuhi moja hakuja kazini. Majirani walikuwa wameng'oa milango ya nyumba yake, naye akaenda stesheni na mke, watoto na mama mkwe wake, kungoja treni pamoja na maelfu ya wengine.

Sikwenda kumwona. Nilijiambia nina kazi nyingi. Kweli ni kwamba niliogopa majirani zangu.

Wiki ya tatu jipu, lile gari la zahanati ya misioni, likapinda fimbo ya usukani. Ndilo lililopeleka maji na dawa stesheni. Fimbo ile ilipita chini mno, na barabara zilivyokuwa zimechimbika, iligonga mawe kila siku. Rotuli zake, yaani vile vifundo vya mwishoni vinavyoishikisha kwenye mikono ya magurudumu, zilikuwa zimelegea kabisa. Tangu mgodi uanguke, vipuri havikuja tena. Nilikuwa na rotuli za lori bovu tu, nazo zilikuwa nene, hazikuingia. Hapo ndipo nilipokwenda stesheni.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akimpepea mama mkwe wake kwa kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Jipu haikufika tangu juzi," alisema. "Kuna nini?"

Nikamweleza, nikimwonyesha kwa vidole unene wa zile rotuli.

"Usizichonge, utaziua," akasema. "Panua tundu ya mukono ya gurudumu. Tena uipanue toka juu, ile fimbo ikae juu, mawe isiipate tena."

"Mi sijui kufanya vile, tata," nikasema, nikimwita baba kwa heshima.

"Najua. Mi njo nitafanya."

Nilipomwambia Masere, kama tulivyomwita mtawa mkuu wa zahanati, alikuja mwenyewe kumchukua kwa miguu. Alimshika mkono njia nzima, mimi nikitembea upande wa pili. Kwenye kona vijana walikuwa wamesimama. Masere akawasalimia kwanza, wakaitikia, tukapita.

Kazi ilichukua siku mbili. Kutokana na chuma cha kutobolea miamba alitengeneza kekee yenye umbo la koni, tukapanulia matundu polepole, tukiijaribu rotuli kila mara hadi ikakaa bila kucheza. Kisha akakereza fimbo mpya, nene kuliko ya zamani, yenye uzi wa skrubu, wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, ili ukiizungusha inyooshe magurudumu bila kufunguliwa. Alipokata uzi wa kushoto sikuthubutu kukohoa.

Adhuhuri mke wangu alituletea bukari, ule ugali wetu, na dagaa wa ndakala. Tukala sahani moja.

"Ilinipasa nije siku ya kwanza," nilimwambia.

Akamega tonge.

"Umekuya," akasema. "Kula."

Siku ya pili alasiri aliendesha jipu mwenyewe kwenye barabara ya vumbi nyuma ya misioni, mimi kando yake. Katikati ya njia akaachia usukani, akaweka mikono kichwani. Jipu likaenda moja kwa moja. Aligeuka kuniangalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, tukasahau kwa muda tulikuwa wapi.

Treni yao ilikuja wiki iliyofuata. Masere alimpeleka mama mkwe kwa jipu hadi mlangoni mwa behewa, na mwenzangu akainama chini ya gari kuangalia fimbo kabla ya kuniaga. "Grisi kila posho," alisema, maana yake kila Jumamosi. Hatukukumbatiana sana, watu walikuwa wanasukumana.

Nilijifunza mashine yake ya kukereza peke yangu, nikiharibu vyuma vingi mwanzoni. Jipu lilikwenda hadi kule mbali Musumba na kurudi, mvua na kiangazi, fimbo haikupinda. Baada ya miezi kadhaa mfanyakazi wa reli alinitafuta karakanani. Alikuwa amemkuta mwenzangu katika mji wa Mwene-Ditu, huko Kasai, familia yake yote ikiwa nzima, akifanya kazi kwenye karakana kando ya reli na kulalamika kwamba mashine waliyompa ni nzee kuliko yeye. Nilifurahi juma zima.