Kufuli na Zamu za Vihesabio

Mdogo wangu tulimwita Kufuli tangu utotoni, maana siri ukimpa, imefungwa. Alisoma akawa fundi wa kompyuta, tena si wa kubadilisha skrini. Yeye alishughulika na kiini cha mfumo, kule ndani kabisa. Kisha Mungu akaruhusu macho yake yaanze kuzima.

Mkuu wake wa kazi alimwambia, "Tafuta hitilafu hii ukiwa nyumbani. Ukiipata, kiti chako kipo."

Basi nikawa macho yake. Mimi na darasa la saba langu, nasoma skrini herufi moja moja, yeye kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Hivi tunatafuta nini?"

"Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kuna vihesabio vichache, dada, vya kupima kazi ya mashine. Programu zinazovitaka ni nyingi, kwa hiyo kiini kinazipangia zamu. Wakati wa kupanga upya, lazima mlango ufungwe. Usipofungwa, programu mbili zinang'ang'ania kihesabio kimoja, mashine inaganda."

"Kumbe ni choo cha nyumba ya kupanga!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hasa. Na kuna mtu hakutia komeo."

Tukasoma, tukasoma. Mara akanisimamisha.

"Neno la kufungua liko juu ya lile la kupanga upya, au chini?"

"Juu."

"Soma tena."

Nikafuata kwa kidole. "Juu, mdogo wangu. Wanafungua kwanza, ndipo wanapanga."

"Ndiyo hiyo! Pembeni kuna jina la aliyeandika. Nani?"

Nikalisoma jina mara mbili kimoyomoyo.

"Dada?"

"Ni wewe."

"Ni pale macho yalipoanza," akasema.

Nikayahamisha maneno kama alivyonielekeza, kisha akanitajia ujumbe wa kumpelekea mkuu. "Malizia hivi: kosa ni langu, sikuliona."

"Hilo si lazima ulitaje, mwaya."

"Na wewe ndiye wa kusali!"

Nikaandika.

Mkuu alipiga simu mchana, nikaipokea na kuiweka spika tusikie wote. Hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya upole. Mashine sasa haigandi, alisema, ila sehemu ile hawezi kumwachia mtu asiyeona anachoandika. Kiti amepewa mwingine. "Tumepanga upya, dada yangu. Utatusamehe."

Kufuli akamshukuru. Akapapasa meza mpaka akaifikia kompyuta, akaifunika mwenyewe.

"Na mlango, dada. Funga na mlango."

Nikaufunga, nikabaki naye ndani.