Kopo la Simu la Mama Kufuli

Fundi simu wa mtaani kwetu ni mwanamke, na tunamwita Mama Kufuli. Mimi ni fundi cherehani, meza yangu imegusana na yake, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Jina hilo alilipata kihalali. Mzazi akija kulalamika kwamba watoto wanaangalia upuuzi, yeye ana dawa. Anaziba chaneli za kuuana na za vitandani, anaweka namba ya siri, halafu anamnong'oneza mzazi sikioni kama anampa siri ya serikali. Nusu ya ving'amuzi vya mtaa vimepita mkononi mwake. Wako akina baba waliokuwa wanarudi kimyakimya kuomba wafunguliwe, maana namba wamesahau na mke hataki kuwatajia. Hao aliwacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nyumbani kwake ndiyo usiseme. Ana binti mmoja wa miaka tisa, amemlea peke yake. Televisheni imefungwa, simu yake imefungwa, na sheria ya nyumba ni moja: ukiona picha mbaya popote, fumba macho, pita zako, na usiisimulie kwa mtu. Siku moja nilimwambia, "Mwenzangu, huyo ni mtoto, si stoo."

"Wewe shona," akanijibu. Nikashona.

Basi mwaka jana mtoto akabadilika. Alikuwa na maneno huyo, ukimpa nafasi hupumui. Ghafla akawa akitoka shule anajikunyata chini ya meza yangu, kwenye vipande vya vitambaa, kimya. Mwanamume akipaza sauti tu barabarani, anaziba masikio. Chakula anakisogezasogeza kwenye sahani. Mwalimu akamwita mama, akamwambia, "Huyu ameona kitu. Usipojua alichoona, hutaweza kumsaidia."

Mama Kufuli akachanganyikiwa. Alimwuliza mtoto kwa upole, wapi. Alimwuliza kwa ukali, ndiyo kabisa. Akaanza kutafuta mchawi nje. Alimvaa jirani yake mbele za watu, eti televisheni yake imemharibia mtoto. Na king'amuzi cha jirani kilifungwa na huyohuyo anayemfokea. Kaka yake mwenyewe, mjomba wa mtoto, akapigwa marufuku kuingia na simu ndani. Hata mimi nilipata langu, kwamba redio yangu inasoma habari za mauaji. Liliniuma, na sikumsemesha siku mbili nzima.

Kumbe mchawi alikuwa anambeba mwenyewe kila jioni. Kibanda cha huyu bingwa wa makufuli kina mlango wa bati ambao hata paka anausukuma, kwa hiyo akifunga kazi huzichukua simu za wateja na kwenda nazo nyumbani kwenye kopo la biskuti. Na mafundi simu wana mtindo wao: huwezi kujaribu kioo kipya kama simu haifunguki, basi mteja anataja namba yake ya siri, fundi anaiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwa simu. Mwandiko wake ni mzuri, mtoto wa darasa la tatu anausoma bila shida.

Hayo tuliyajua Alhamisi moja mchana. Alikuja mteja wake wa siku nyingi, karani mpole, kavaa miwani myeusi, na simu yake nyekundu mkononi. Kioo kimepasuka, mara ya tatu ndani ya mwaka.

"Imeniponyoka," alisema.

"Dada yangu, hiyo mikono unapaka mafuta ya kupikia?" Mama Kufuli alimtania, huku tayari anakata plasta.

Karani alicheka kidogo. Mtoto akatoka chini ya meza yangu, vitambaa vimemganda kwenye sketi, akaenda kusimama mbele yake.

"Shangazi, bado anakupiga?"

Mashine yangu niliisimamisha. Mama Kufuli akageuka. "Unasema nini wewe?"

"Video imo kwenye simu yake. Nilifungua kwa namba uliyoandika." Mtoto alikuwa anaitazama ardhi. "Yule baba anambamiza kwenye mlango. Wewe ulisema nisisimulie."

Vioo viwili vya simu ile Mama Kufuli alivibadilisha kwa mkono wake, na mara zote mbili alitania habari ya mafuta. Nilimkasirikia. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwepo mara zote mbili, na nilicheka.

Karani alivua miwani. Hatukuhitaji kuuliza. Akamjibu mtoto kama anavyojibiwa mtu mzima: "Ndiyo. Bado."

Mtoto akamgeukia mama yake. "Sasa naweza kusema?"

Mama Kufuli alikuwa bado ameshika plasta, imemnata vidoleni. Aliibandua taratibu, akakaa chini kwenye vumbi, akamvuta mtoto mapajani.

"Sema, mwanangu. Sema yote."

Nilimpa karani kigoda changu. Mtoto akasema, tangu mwanzo, kwa sauti ndogo, na kila aliposahau kitu, karani alimkumbusha.