Mikono ya Rugaruga

Nilipokuwa mtoto pale Kwihara, wakati wa Mwingereza, babu yangu hakuwahi kunibeba. Hakumbeba mjukuu yeyote. Guku, kama sisi Wanyamwezi tunavyomwita babu, alikuwa mpole kupita kiasi, alitugawia masega ya asali kila aliporudi porini, lakini mtoto mchanga akiletwa uani yeye aliinuka na kigoda chake akahamia upande wa pili wa nyumba. Mimi nilidhani anaogopa kukojolewa.

Sababu nilianza kuipata shuleni. Mwalimu wetu wa misheni alikuwa akitufundisha habari za njia ya misafara iliyopita karibu na mashamba yetu, akaandika ubaoni maneno ya zamani: pagazi, aliyebeba mizigo, kirangozi, aliyewaongoza wapagazi, hongo, ushuru aliotozwa mwenye msafara ili aruhusiwe kupita. La mwisho lilikuwa rugaruga. "Huyo ni mnyang'anyi mwenye bunduki," alisema, akafuta ubao. Darasa zima likanigeukia. Wenzangu walijua jambo la nyumbani kwetu ambalo mimi sikulijua, na hilo liliniuma kuliko neno lenyewe.

Niliporudi nilimkuta Guku akichonga mzinga wa nyuki. Nilimwuliza moja kwa moja, maana sikuwa na haya.

"Mwalimu wako kasema kweli, ila hakumaliza," alijibu. "Askari analipwa mshahara. Sisi mtemi alitupa bunduki na kitambaa chekundu cha kufunga kichwani, basi. Tulikula tulichoteka. Nilikuwa kijana mdogo tu."

"Uliua watu, Guku?"

Aliendelea kuchonga. Bibi, aliyekuwa akipepeta mtama, alinishika mkono akanipeleka jikoni. Huko ndiko alikonieleza kwamba mtu aliyeua vitani hakuingia nyumbani mpaka mganga wa mtemi amwoshe mikono kwa dawa. Asipooshwa, akimshika mtoto mchanga, wale aliowaua humfuata mtoto yule. Katika vita vyao vya mwisho mtemi aliuawa, kundi likatawanyika, kila mmoja akakimbilia kwao. Haukupita muda Wajerumani wakaingia. Guku hakuoshwa.

"Lakini padri alimbatiza," nilisema.

"Maji ya padri yalimwagwa kichwani," Bibi alijibu. "Hata baba yako hakumshika mpaka alipoota meno."

Kwa hiyo sikuwa mjinga. Nilijua, na nilichokifanya baadaye nilikifanya nikijua.

Ilikuwa masika, saa tisa alasiri. Wakubwa walikuwa shamba la mbali, nami niliachiwa mdogo wangu Yosefu, mtoto wa miezi minne. Nilikuwa nimemfungua mgongoni ili nimsafishe, nikasikia mbuzi wamevunja uzio na kuingia kwenye karanga. Karanga zile ndizo zilizotuvusha kiangazi, na kipigo chake nilikijua. Uani siafu walikuwa wametapakaa hadi kwenye mkeka. Guku alikuwa kwenye kigoda chake.

"Guku, mshike kidogo."

"Hapana, mjukuu wangu. Tafuta pa kumlaza."

Nilimweka mapajani pake nikakimbia.

Nilipomaliza kufukuza mbuzi nilirudi polepole, kwa woga. Guku alikuwa amemshika Yosefu kwa mikono miwili, amejikaza kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa pomoni. Yosefu alikuwa akivuta ndevu zake. Guku alikuwa akicheka kimyakimya, na machozi yanamtoka. Aliponiona alinirudishia mtoto haraka. "Usimwambie mtu," alisema.

Siku ya tatu Yosefu alishikwa na homa. Baba alimpakia Mama kwenye baiskeli na mtoto kifuani, wakaelekea hospitali ya Tabora. Walirudi kwa miguu, baiskeli ikikokotwa.

Msibani Bibi aliuliza nani alimshika mtoto. Aliuliza huku ananitazama mimi. Kabla sijajibu, Guku aliinuka.

"Ni mimi. Huyu binti alikwenda kufukuza mbuzi, nikamchukua mtoto mwenyewe. Nilitamani."

Hakuna aliyempigia kelele. Baba alitoka nje. Tangu siku ile Mama alimwekea Guku chakula chake na kuondoka bila kumsalimu, yeye aliyekuwa akimpigia magoti mkwewe kila asubuhi. Guku alikula peke yake mpaka alipofariki, mavuno yaliyofuata.

Baadaye nilisomea ukunga. Nimeona watoto wengi wakiondoka masika kwa homa ya mbu, nami najua kilichomwua Yosefu. Nilidhani kujua huko kutanituliza, lakini hakukunituliza hata kidogo. Mzee yule aliyeitwa mnyang'anyi alijitwika kifo kimoja zaidi ili mimi nisiguswe, nami nilimwacha akibebe. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini utoto wangu uliisha, na mdomo wangu haukufunguka.

Mama alifariki akiwa hajalitaja jina la Guku tangu msiba ule. Wiki yake ya mwisho nilimwuguza mwenyewe, nikimnywesha uji kwa kijiko, mimi na yeye tu chumbani, mchana kutwa. Hata wakati huo sikumwambia.