Hundi Ambayo Haikupotea

Kwanza lieleweke jambo moja: hundi haikupotea. Immaculate alilisema hilo benki Kitengela, akalisema kituo cha polisi, akalisema hadi Kajiado mbele ya wakili, na karibu kila mahali walimtazama kama mtu aliyekuja kuwapotezea wakati. Hundi ilikuwa kwenye droo ya meza ya Mureithi, katika yadi yake ya malori kando ya barabara ya Namanga, wala Mureithi mwenyewe hakukana. Kuna siku alivuta droo akamwonyesha, kisha akaisukuma ikafungwa.

Immaculate ni mama wa maji. Yeye na mumewe Wanyama walihamia Kitengela kutoka Bungoma kabla hawajapata mtoto. Wanyama alikuwa amepata kazi ya ukarani katika kiwanda cha saruji huko Athi River, wakapanga chumba kimoja mahali ambapo mfereji ulitoa upepo tu. Majirani walilalamika. Immaculate alinunua tangi. Akawa ananunua maji kwa malori na kuuza kwa mitungi, hadi leo ana matangi matatu makubwa juu ya vyuma, na mtaa mzima unamwita Mama Wasike kwa jina la kifungua mimba wake. Ana mdomo, hilo hakuna anayebisha. Ukimletea mtungi mchafu anakurudisha nyumbani ukausugue kwanza, hata uwe mwalimu mkuu.

Kilichomchosha ni malori ya watu. Dereva anaahidi kufika asubuhi, anatokea jioni na hadithi ya gurudumu, na wateja wameshaenda kwingine. Ndipo yeye na Wanyama wakakubaliana wanunue lori lao. Walichukua mkopo wa Sacco, wa kukatwa kwenye mshahara wa Wanyama kila mwisho wa mwezi, wakaongeza akiba yote ya mitungi. Haikubaki hata shilingi ya kuvunjia ukimya kwenye akaunti.

Mureithi hakuwa mgeni kwao. Walikuwa jumuiya moja, ya Mtakatifu Monika, ile inayokutana kila Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, zamu kwa zamu, kusali na kunywa chai. Mkewe Lucy, Mama Nduta, ndiye huanzisha nyimbo. Kwa hivyo Mureithi aliposema ana lori la maji la lita elfu kumi, safi kabisa, Immaculate hakuenda na fundi. Nani anaenda na fundi kwa mtu aliyeshika naye rozari?

Lori lilikuwa la buluu inayong'aa, limeandikwa MAJI SAFI kwa herufi nyeupe pande zote mbili. Mureithi hakutaka pesa za simu.

"Mama Wasike, mimi nataka bankers cheque," alisema. "Pesa ya simu ni ya kununua sukuma wiki."

Benki ikatoa pesa zote kwenye akaunti ya Immaculate na kumwandikia hundi ya benki yenyewe, kwa jina la Mureithi. Mureithi aliipokea, akaitia kwenye droo, akakabidhi funguo. Hata wakasali kidogo.

Kesho yake lori lilijazwa kwenye kisima cha mashine upande wa Isinya. Maji hayo yalikuwa ya shule ya nasari. Jua la mchana likalipiga lile tangi hadi chuma kikawa hakishikiki, na Immaculate alipopanda kufungua kifuniko aone kama maji yametulia, harufu ilimpiga usoni. Ni harufu ambayo mtu wa Kitengela haulizi ni ya nini. Alishuka, akatoa ufunguo, akakwangua rangi karibu na bomba la nyuma. Chini ya buluu kulikuwa na kahawia.

Hapo hata mtoto angekwambia. Malori ya buluu ni ya maji, ya kahawia, yaani eksosta, ni ya kunyonya vyoo. Mureithi alikuwa amechukua eksosta, akaipaka rangi, akaiandika Maji Safi, akamuuzia mama anayewarudisha watu kwa sababu ya mtungi mchafu. Immaculate aliyamwaga maji yote kwenye uwanja mtupu. Akilini aliwaona wale watoto wa nasari wamejipanga na vikombe vyao vya plastiki. Tangu siku hiyo hajawahi kulisimulia jambo hilo bila kusimama.

"Hiyo harufu itaisha, ipe wiki moja," Mureithi alimwambia lori liliporudishwa. "Nimeosha na sabuni, nimeosha na dawa."

"Baba Nduta, chukua lori yako. Nipe cheki yangu."

Mureithi alichukua funguo haraka sana. Hundi hakutoa.

"Cheki utapata ukinirudishia pesa ya rangi," alisema. "Na hasara. Kuna wateja nilifukuza juu yako."

Immaculate alidhani hakusikia vizuri. "Nikulipe rangi uliyonidanganya nayo?"

"Rangi si ya bure, Mama Wasike."

Hakuipeleka hundi benki, na hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Angeipeleka angekuwa mla pesa za watu mchana kweupe, lori likiwa limesimama kwake. Akiishikilia, ni mtu mwadilifu. Baada ya misa Jumapili aliwaambia watu nje ya kanisa, "Mimi sijakula pesa ya mtu. Cheki iko, haijaguswa. Akitaka lori, aje achukue." Watu wakatikisa vichwa, wakamwona Immaculate kigeugeu. Yeye Mureithi alikuwa anangoja Immaculate achoke, alipe.

Huko benki, Immaculate alihudumiwa na kijana mmoja mpole anayeitwa Ojwang, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola.

"Mum, pesa haiko kwako, na haiko kwa yule alilipwa," alieleza.

"Sasa iko wapi?"

"Iko kwetu."

"Basi nirudishie!"

"Lazima ulete cheki yenyewe. Ama ulete affidavit, kile kiapo cha wakili, na abstract, ile karatasi ya polisi, kwamba imepotea."

"Haijapotea. Iko kwa droo ya Mureithi."

Ojwang aliinamia kioo akashusha sauti. "Mum, sema tu imepotea. Watu wote husema hivyo."

Hebu fikiria. Pesa za mtu ziko hapo nyuma ya kaunta, mwenyewe amesimama mbele ya kaunta, na daraja pekee la kuzifikia ni uongo. Polisi walikuwa vilevile. Afisa alifungua kitabu, akauliza kama hundi iliibiwa au ilipotea. Aliposikia iko kwenye droo, akafunga kitabu na kusema hayo ni mambo ya korti, si ya polisi. Ila, akaongeza, mama akibadilisha mawazo na ikawa imepotea, abstract ni dakika tano.

Mwisho wa mwezi mshahara wa Wanyama ukakatwa. Mwezi mwingine ukakatwa tena, kulipia lori ambalo hawakuwa nalo kwa pesa ambazo hawakuweza kuzishika. Karo ya Wasike ikaanza kulipwa kwa mafungu. Wanyama, mtu asiyependa kelele, akamwambia siku moja wakila, "Mama Wasike, si uape tu, haya maneno yaishe?"

Ndipo Immaculate akaenda Kajiado, kwa wakili mmoja kijana, Soipan, mwenye ofisi ndogo karibu na mahakama.

"Sopa, mama," Soipan alimsalimu.

"Ipa," Immaculate akajibu, maana miaka ya Kitengela imemfunza angalau hilo la Kimaasai.

Soipan alisikiliza hadi mwisho bila kutazama simu, jambo ambalo Immaculate bado anamsifia. Kisha akamweleza ukweli. Kumshtaki Mureithi kunawezekana, lakini kutachukua muda na pesa. Kiapo kinaweza kutoka leo leo. Alikichapa, akashika muhuri mkononi.

"Mama, nikigonga hapa, ni wewe umesema. Unaapa hujui hiyo cheki iko wapi?"

Immaculate aliitazama ile karatasi. Ilisema yeye, mtu mzima mwenye akili timamu, ameipoteza hundi kwa uzembe wake na ameitafuta bila kuipata. Hakuna mahali palipoandikwa choo. Hakuna mahali palipoandikwa Mureithi. Na Mureithi akiamka kesho akaipeleka hundi benki, mwongo atakuwa nani? 

"Najua iko wapi," alisema. "Sitaapa. Aape yeye."

Alirudi Kitengela mikono mitupu, na njia nzima alijiuliza kama amekuwa mjinga. Wanyama hakumlaumu kwa maneno. Alitoa karatasi ya mshahara akaiweka mezani, na hilo lilimuuma zaidi.

Basi baada ya miezi minne ikaja ile wiki ambayo mifereji ya Kitengela ilikauka kabisa. Ijumaa, Lucy alifika kwa Immaculate na mtu wa mkokoteni. Walikuwa hawajasemezana vizuri tangu mambo yaharibike. Lucy alikuwa ameambiwa Immaculate alinunua lori kisha akageuka, basi.

"Mama Wasike, kesho jumuiya iko kwangu na tangi imekauka. Nipatie mitungi kumi."

Immaculate alishika bomba lakini hakulifungua. "Mama Nduta, si muko na lori huko yard? Lita elfu kumi. Si ijazwe tu mara moja?"

"Hata mimi nilimwambia hivyo," Lucy akasema. "Baba Nduta amekataa. Anasema hiyo si ya maji ya nyumba."

"Ni ya maji ya nani?"

Lucy akageuka, akamwambia mtu wa mkokoteni apange mitungi.  Immaculate alijaza mitungi kumi, akapokea pesa yake, akaenda kumtafuta Wanyama amwambie kesho avae vizuri.

Jumamosi sebule ya Mureithi ilijaa hadi watu wakakaa mlangoni. Kiongozi wa jumuiya, mzee Kinyanjui, aliongoza sala vizuri. Kisha ukafika wakati wa nia, ambapo kila mwenye ombi hulisema kwa sauti na wengine huitikia. Mmoja aliombea mgonjwa, mwingine mvua. Immaculate akasimama.

"Ee Bwana, tunakushukuru kwa maji ya chai ya leo, yaliyotoka kwangu kwa mkokoteni."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia wote.

"Tunaomba utufunulie kwa nini mwenye nyumba alinunua maji ya mitungi, na yeye ako na lori ya lita elfu kumi imeandikwa Maji Safi."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia nusu yao. Mureithi alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Sala haikatizwi, naye alijua.

"Uwalinde watoto wa nasari, ambao karibu niwapelekee maji ndani ya lori ya kunyonya choo, imepakwa rangi ya buluu juu ya brown."

Hapo aliitikia shosho mmoja tu, bibi kizee mzito wa masikio, tena kwa sauti kubwa.

"Na umkumbushe ndugu yetu Baba Nduta kwamba cheki yangu iko kwa droo yake."

 Kinyanjui akaanza haraka, "Baba yetu..."

"Sijamaliza, mzee," Immaculate akasema, lakini hakuhitaji kuendelea. Lucy alikuwa ameweka birika chini.

"Baba Nduta," Lucy aliuliza, "ndiyo maana ulisema si ya maji ya nyumba?"

Mureithi alifumbua macho. Alianza kusema kuhusu sabuni na dawa, kwamba ilioshwa, kwamba kitaalamu haina shida.

"Basi mbona hukuijaza?" Lucy akauliza tena.

 Lucy alinyoosha mkono, na mumewe akatoa funguo za droo mbele ya watu wote. Yadi iko ng'ambo ya barabara tu, lakini hadi Lucy arudi, chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyeigusa. Alimpa Immaculate hundi. Immaculate akaigeuza nyuma na mbele kwenye mwanga wa dirisha.

"Tungeongea tu kama watu wazima," Mureithi akanung'unika. Huyo ndiye aliyekuwa ameombwa kwa miezi minne, simu hashiki, yadini anajificha nyuma ya malori!

"Na rangi?" Immaculate akauliza.

"Jumatatu itarudi kuwa brown," Lucy akajibu. "Nitasimama hapo nikiona."

Jumatatu hiyo hiyo Immaculate alikuwa wa kwanza mlangoni pa benki. Ojwang alipoiona hundi alitabasamu kwa moyo wote.

"Kumbe ilipatikana! Pole sana mum, vitu hupotea."

"Haikupotea."

"Sawa, mum." Alianza kupiga vidole kwenye kompyuta. "Reason ya kurudisha... nitaweka imepotea."

"Toa hiyo. Weka: alikuwa ameishikilia, akarudisha."

"System haina hiyo." Aligeuza kioo cha kompyuta kidogo amwonyeshe. "Iko na imepotea, imeibiwa, imeharibika, na haikutumika. Niweke haikutumika?"

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kukohoa. Immaculate alikumbuka mshahara wa Wanyama, karo ya mafungu, na njia yote ya kutoka Kajiado mikono mitupu.

"Haikutumika?" alisema, na benki nzima ikamsikia. "Imenikalia kichwani miezi minne!"

Ojwang alingoja, kidole juu ya kitufe. Hakuna aliyemtaka aape.

"Haya, bonyeza," Immaculate akasema, na akabaki amesimama hapo hapo hadi simu yake ikalia kwa ujumbe wa pesa kuingia.