Fundi alikwaruza X juu ya uso wa Rais

Habari zenu wakuu. Hii sikuhadithiwa, niliiona kwa macho yangu. Vijana mtasema ni chai, lakini waliokuwa Eldoret enzi za chama kimoja watanielewa.

Nilikuwa nimeajiriwa na Mzee Njoroge, fundi wa etching, nyuma ya duka la Msomali mmoja pale town.

Kazi yenyewe iko hivi: unapaka nta kwenye bamba la zinki, unachora na sindano, asidi inakula pale ulipochora. Ukipaka wino, unachapa picha kwa karatasi.

Chairman wa chama wa mtaa akaagiza picha za Rais za kuwapa wageni wa harambee. Mzee alimchora sawasawa hadi mimi nikaogopa kumtazama machoni.

Sasa kuna desturi. Oda ikiisha, fundi anakwaruza X kubwa juu ya bamba, mtu asije akaiba na kuchapa zingine. Halafu anatoa chapa moja yenye hiyo X kama ushahidi. Tulifanya hivyo kwa kila bamba, hata la Yesu wa kanisani. Kwamba huyu ni Rais, wala hatukuwaza.

Chairman akaja kuchukua mzigo wake. Akakuta ile ya X imeanikwa kwenye kamba.

Wakuu, akaichomoa kwenye kamba.

"Mzee, umekata Rais uso?"

"Hapana, bwana chairman. Hiyo ni kufunga kazi tu. Bamba zote tunafanyanga hivyo."

Mama Wambui, mke wa Mzee, akakimbia ndani akatoka na bamba lingine. Sura ya binti yao marehemu, X imepita katikati ya paji la uso.

"Baba yake ndiye alikwaruza hii. Kwani anachukia mtoto wake?"

Chairman akaliangalia bamba, akavua kofia. "Pole sana, Mama."

Nikaanza kumfungia mzigo wake. Nilidhani yameisha.

Kumbe! Akamtuma dereva wake aite polisi. "Nimeelewa, Mzee. Lakini nikinyamaza, kesho ni mimi."

Polisi wakamchukua Mzee. Alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, mkono hautulii. Sindano hakushika tena. Alihamia Burnt Forest kuuza viazi.

Funzo langu: mweleze mteja desturi za kazi yako mapema. Ingawa sijui kama ingesaidia. Yule mtu alielewa kabisa, na hilo ndilo linanishtua mpaka leo.

Wazee wenzangu humu, semeni bila kujificha: ungekuwa wewe ndiye chairman, ungenyamaza?