Goti la Sidonie na Kiuno cha Miradie

Kabla goti halijaharibika, hakuna harusi ya watu wa Bukavu pale Thamesmead, London, iliyochangamka bila kiuno cha Sidonie. Kwetu mama wa bibi harusi huingia ukumbini akicheza, mbele ya wote, na watu humpima yeye kwanza kabla hawajamtazama binti. Sasa binti yake Keren alikuwa anaolewa mwezi wa tisa, na Sidonie alikuwa kitandani na goti jipya la chuma alilowekewa baada ya Pasaka.

Alilala kama malkia. Miradie, mke wa shemeji yake, alikuja kila siku na fufu na sombe ya majani ya muhogo, akampangia mito chini ya goti, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, usiamuke! Mgonjwa ni wa kulala."

Kwetu mgonjwa anayejiinua amewatukana wageni wake. Sidonie hakumtukana mtu. Alikula.

Mambo yaliharibika kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hitesh, kijana wa Tooting aliyefundishwa Kiswahili na bibi yake wa Kisumu, alijaribu kulikunja lile goti, likagoma kama mlango wa nyumba ya bei nafuu ya kaunsili.

"Mama, mazoezi unafanya?"

"Nyumbani niko na watu."

"Hao watu watakukunjia goti? Daktari amemaliza kazi yake, imebaki yako. Ukilala tu, kovu linakaza ndani na msuli unasinzia. Na huo mto utupe. Goti likizoea mto halitanyooka."

Sidonie aliona hayo ni maneno ya kijana ambaye hajaoa.

Jioni Keren akamwonyesha video kwenye simu. Miradie, sebuleni kwake, anaingia kwa muziki, leso juu, kiuno kinazunguka kama kinalipiwa.

"Anafanya nini huyu?"

"Anajaribu tu," Keren akajibu kwa Kiingereza chake cha London. "Amesema ataingia mahali pako, kama hutaweza."

Wivu ni dhambi, mchungaji husema. Mchungaji hajawahi kubadilishiwa goti.

Kesho yake Sidonie alimeza dawa ya maumivu mapema, kama Hitesh alivyoagiza, akaketi kitini, akaweka mfuko wa plastiki chini ya soksi ili mguu uteleze, akaanza kuburuta kisigino kwenda nyuma. Maumivu yalipopanda hadi menoni, hakumwita Yesu. Alikiita kiuno cha Miradie. Kikaja, kikizunguka, na kisigino kikarudi nyuma kidogo zaidi. Halafu barafu. Halafu tena.

Siku moja Miradie alimkuta kwenye ngazi, ameshika reli, mguu mzima ukitangulia kupanda.

"Yaya! Utaanguka! Kaa!"

"Kaa wewe. Najua umechoka na kucheza."

Sufuria ya sombe nusura imponyoke.

Hitesh alipima pembe ya goti, hakuamini, akapima tena. "Mama, umefanya nini?"

"Nimesali."

Hitesh wa watu, Mhindu mwaminifu, akaitikia amina.

Siku ya harusi Sidonie aliingia akicheza, ila hakushuka hadi chini kama zamani. Goti lilikataa kidogo mwishoni, naye akakificha hicho kidogo ndani ya kitenge. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Nyuma yake alifuata Miradie, tabasamu limekazwa kama skrubu, amebeba fimbo ya kutembelea ya Sidonie. Sidonie hakuwa ameigusa fimbo hiyo tangu Agosti. Aliitoa kabatini asubuhi ile ile, ili Miradie naye apate kazi.