Kichwa cha Treni cha Kioko

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kwenye landi ya Kibwezi, zile nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja kando ya njia, hatukuhitaji saa ya ukutani. Ardhi ikianza kutetemeka chini ya nyayo, ulijua treni ya mizigo inakuja na mama zetu walijua ni wakati wa kuinjika isyo. Sufuria ilicheza juu ya mafiga, mahindi na maharagwe yakigongana ndani kabla hata maji hayajapata moto. Wa rika langu bado wanaikumbuka ile harufu ya mafuta meusi ya mataruma, zile mbao zilizolaliwa na reli, yakichemka juani, ikichanganyika na vumbi na moshi wa kuni. Mtu akiniletea leo ndani ya chupa, nitajipaka.

Baba alikuwa kwenye genge la kukarabati reli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya maneno hayo yalihusu treni. "Ukiisikia, simama. Ukiiona, umechelewa," alituambia kila asubuhi akichukua nyundo yake. Aliyesahau alikumbushwa kwa fimbo, na fimbo ya baba haikuwa na mzaha.

Katika genge hilohilo alikuwamo Mzee Ndambuki, ambaye wakati wa mapumziko alichonga. Aliwachongea wafanyabiashara vifaru na twiga wa kuwauzia watalii, lakini sisi watoto wa landi alitufanyia kitu kingine. Kila mtoto alipoanza kutembea vizuri bila kushikwa, Mzee Ndambuki alimchongea kichwa cha treni cha mbao ya jakaranda, kiasi cha mkono mmoja kwa urefu. Treni zilizopita wakati huo zilikuwa tayari za dizeli, lakini mzee alikataa katakata kuchonga kichwa kisicho na bomba la moshi. Alisema kichwa bila bomba ni sanduku. Nyuma alitia ndoano ya waya wa spoki ya baiskeli, mbele akatia kitanzi, ili cha kwako kifungwe kwa cha mwenzako.

Basi tulikuwa tukivifunga vyote pamoja na kuvivuta uwanjani, treni ndefu ya vichwa vitupu bila behewa hata moja, kwa sababu hakuna mtoto aliyekubali kuwa behewa. Tulipigana kuhusu nani awe mbele. Tulilia, tukapatanishwa, tukaanza tena. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia haya wananitazama kwa huruma. Mjukuu wangu nilimpa kimoja akishike, akakigeuza chini juu akitafuta pa kuchomeka chaja.

Mdogo wangu Kioko alikuwa na chake. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye masikio makubwa, na aliogopa treni kuliko kitu chochote duniani. Ni aibu kubwa hiyo, kuogopa treni nawe ni mtoto wa reli. Wenzake wangemcheka hadi aote mvi. Kwa hiyo treni ilipopita hakulia wala hakukimbilia kwa mama. Alisimama palepale mlangoni, akatia bomba la kichwa chake mdomoni na kuliuma kwa nguvu zote mpaka behewa la mwisho lipite. Jakaranda ni mti laini. Baada ya muda bomba lile lilikuwa limejaa alama za meno pande zote, vishimo vidogo vidogo, na mama aliyejua siri hiyo alikuwa akilishika jioni na kupitisha kidole juu yake. Akikuta alama mpya alimvuta Kioko karibu.

Kioko hakuanza shule. Homa ilimchukua msimu wa mvua, upesi, kati ya kufika kwa treni moja na nyingine. Baba hakujua afanye nini na huzuni ya mama, akafanya alichoweza. Alikusanya vitu vya mtoto, nguo na vyote, akavigawa mama akiwa bado amelala ndani. Kichwa cha treni kilikwenda kwa jirani, ambaye mtoto wake Mutinda alikuwa bado anabebwa mgongoni. Picha ya Kioko hatukuwahi kupiga. Familia ya Mutinda ilihamia Tawa, sisi tukarudi Mbooni kwa babu, na mama hakumuuliza baba lolote juu ya vitu hivyo hadi siku tulipomzika.

Mimi ni fundi wa nguo mjini Kitui, nashona sare za shule. Nilipofika umri wa kukumbuka zaidi kuliko kutazamia, nilianza kuvitafuta vile vichwa. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ungempata mtu wa landi ya zamani, mnakaa, mnakunywa chai, mnawataja waliokufa, halafu anakwenda kukitoa chini ya kitanda na kukwambia uchukue. Ukimwachia kilo mbili za sukari, anakusindikiza hadi barabarani kwa furaha. Nilivipanga rafu nzima karakanani, nikavifunga kwa ndoano zao kama zamani.

Kisha reli mpya ikapita juu ya nguzo zake za zege, stesheni yetu ya zamani ikanyamaza, na ghafla watu wa Nairobi wakagundua kwamba wanaipenda. Wakaja kununua taa za reli, viti vya reli, kengele, hata vibao. Wakapiga picha na kuzituma huku na huku. Mara nikaanza kuambiwa mambo ya ajabu. Kichwa nilichokuwa nikipewa kwa sukari sasa kilikuwa cha bei ya kuku. Mwaka haujaisha kikawa mbuzi. Mama mmoja wa Kibwezi, ambaye mikono yake ilinisuka nywele nikiwa mdogo, alinifungulia mlango nusu na kuniuliza kama natuma kwa simu au nina pesa taslimu. Niliondoka pale nimekasirika hadi nikasahau mwavuli.

Cha Kioko nilikiona dukani kwa Mutinda, pale Tawa, juu ya rafu ya misumari. Nilikishika, nikaweka kidole juu ya bomba, na zile alama zikanipokea. Sasa mtu wa kwetu sokoni ana kanuni moja anayonyonya na maziwa ya mama: usionyeshe kwamba unakipenda. Ukipenda mbuzi, sema amekonda. Ukipenda kitambaa, sema kitachuja. Nami nikakunja uso nikasema, "Ai, Mutinda, na hii imeliwa na panya hivi, utauzia nani?"

Mutinda alicheka. "Dada Mueni, hata kama. Hii kitu saa hii ni vintage. Kuna mtu wa Nairobi anaweka kwa hoteli."

Alitaja bei ya ng'ombe. Nilicheka pia, nikarudisha kichwa rafuni kama mtu asiyejali, nikasema nitapita shule zikifunguliwa. Nilitembea hadi kona, nikaegemea ukuta.

Tangu siku hiyo sikupata amani. Nikipiga simu bei imepanda, nisipopiga naota kimeuzwa. Mtu wa hoteli alikuwa ameongeza dau, alisema Mutinda, tena atakuja mwenyewe Jumamosi. Na wakati huohuo mama, kule Mbooni, alianza kudhoofika. Macho yalikuwa yamekwisha zamani. Sasa miguu nayo. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mueni, kile cha Kioko kiko wapi? Uso wake umenipotea. Lakini kidole changu bado kinamjua."

Niliuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo, ile nzuri. Sitasema niliiuza kwa furaha. Ijumaa alfajiri nilitoka Kitui na pesa zimeshonwa ndani ya sketi, na njia nzima nilikuwa nikihesabu watu waliotutangulia barabarani, kila gari kubwa nikiona ni la mtu wa hoteli.

Nilimkuta Mutinda anafungua duka. Aliponiona uso wake uling'aa kwa nia njema kabisa, nalisema hili kwa sababu ni kweli. Aliinama chini ya kaunta akatoa kitu kilichofungwa gazeti.

"Nilijua utakuja. Si ulisema imeliwa na panya? Nikasema sista hawezi kupatia watu wake kitu chafu. Nimekupigia msasa, nikapaka polishi ya viatu ile nyeusi. Angalia. Si inakaa ebony?"

Kilikuwa kinang'aa. Kila mchongaji wa kwetu anajua hila hiyo, jakaranda nyeupe inapakwa polishi mpaka mtalii aapie kwamba ni mpingo. Nilipitisha kidole kwenye bomba. Lilikuwa laini kama kijiko. Nililizungusha, nikatafuta upande wa pili, nikatafuta chini. Hakukuwa na jino hata moja.

"Hujapenda?" Mutinda aliniuliza, na tabasamu likaanza kumtoka.

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini angejuaje? Kioko alipokuwa akiuma bomba hilo, yeye alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Mimi ndiye niliyesema panya. Mimi ndiye niliyekunja uso. Kwa mara ya kwanza maishani nilifungua mshono wa sketi dukani mbele ya mwanamume, nikalipa bei aliyotaja bila kukata hata shilingi, na Mutinda akashtuka kuliko ambavyo angeshtuka kama ningemtukana.

Njia ya kupanda Mbooni ni mwinamo mtupu. Kijana wa boda alinipandisha polepole, upande mmoja migomba na upande mwingine bonde, na hewa ikawa baridi. Kyondo changu, kikapu chenye kile kichwa ndani, nilikikumbatia. Nilikuwa nikipanga uongo. Nitasema sikukipata. Nitasema kimeuzwa. Nitampa kimoja kati ya vingine. Tulipokaribia, nilimwambia kijana asimame, nikajifanya nataka kunyoosha miguu. Nikaenda nyuma ya ua wa mtu, nikatoa kichwa cha treni, nikatia bomba mdomoni.

Ndiyo, mimi, mwanamke mwenye wajukuu. Nilitaka kuliuma. Nilidhani nikiuma kwa upole, huku na huku, mama hatatofautisha. Ladha ya polishi ya viatu ikanijaa ulimi. Nikafikiria meno yangu mapana, nikafikiria yale ya Kioko, kama punje za mahindi machanga, nikalitoa. Nilitema mate mara nyingi, kijana wa boda akaniuliza mimba ni ya miezi mingapi. Nilimpa uso ambao hatausahau, tukaendelea.

Mama alikuwa ameketi juani mlangoni. Kabla sijasalimu alinyoosha mikono. Nilimwekea kichwa cha treni mapajani, nikakaa kwenye kigoda.

"Mwaitu, mama yangu, ndicho hicho," nilisema.

"Umenunua pesa ngapi?" aliuliza mara moja, maana ni mama wa kwetu na hilo huja kwanza.

"Nilimwachia Mutinda kilo mbili za sukari."

"Mutinda ni mtoto mzuri," alisema mama.

Alianza na magurudumu. Akapanda hadi kitanzi, akafika nyuma na kushika ile ndoano ya spoki, akaipinda kidogo kama aliyekutana na mtu anayemfahamu. Akaacha bomba mwisho kabisa. Nilimwona akilijia polepole, na nilijua kwamba katika maisha yangu sijawahi kungoja treni yoyote kwa hofu ya namna hiyo. Kidole chake kiligusa. Kikazunguka. Kikarudi, kikazunguka tena, kikasimama. Kuku walikuwa wakiparua uani na sikusikia kingine. Nilifungua kinywa nimwambie kila kitu, msasa, polishi, panya na ulimi wangu mwenyewe.

"Hakuna alama," alisema mama.

"Hakuna, Mwaitu."

Halafu uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Kibwezi, akakivuta kile kichwa cha treni kifuani.

"Basi haogopi tena," alisema.

Enzi zetu kitu kilikuwa chako kwa sababu ya mikwaruzo uliyokitia, na hakuna aliyekitaka kwa bei yoyote. Siku hizi ni lazima king'ae kwanza ndipo watu wakione. Vile vingine viko Kitui karakanani, vimefungwa kwa ndoano zao, na kati ya changu na kinachofuata nimeacha nafasi ya cha Kioko. Reli yetu imeota nyasi na ardhi ya Kibwezi haitikisi sufuria ya mtu. Mama analala na cha Kioko, kidole juu ya bomba, na kila nikimpigia simu kumjulia hali ananiambia kwamba mtoto ametulia.